Sekunde Moja Baada ya Nyundo

Mama yangu ana tabia moja iliyonikera tangu nikiwa mtoto. Ukimwambia jambo, hakujibu papo hapo. Ananyamaza kwanza, anakutazama, halafu ndipo anafungua mdomo. Siku niliyomwambia nimechaguliwa kwenda chuo alikaa kimya mpaka nikadhani amechukia. Kumbe alikuwa anafurahi, ila furaha yake nayo ilikuwa inangoja zamu. Kwa miaka mingi niliamini nyundo zimemharibia masikio, na nilikuwa namwambia hivyo bila aibu.

Mama anaponda kokoto Miyuji, hapa Dodoma. Niseme alikuwa anaponda, maana sasa haijulikani. Alizaliwa Mlali, akaolewa hukohuko, na baba alipofariki akaja mjini akiwa na mimi mgongoni. Kwanza alikwenda Makutupora msimu wa zabibu, akachuma, msimu ukaisha, akabaki mikono mitupu. Mwanamke mmoja mzee waliyekuwa wakichuma naye ndiye aliyempeleka kwenye mawe. Mawe hayana msimu, alimwambia, na mama akabaki huko.

Kazi yenyewe ni hivi. Wanaume wanachoma mwamba kwa kuni na tairi kuukuu mpaka unakuwa na joto la kutisha, kisha wanaumwagia maji, unapasuka vipande. Wanawake wanakokota vipande mpaka sehemu zao, wanakaa chini wakinyoosha miguu, na kuanza kuponda. Kila mmoja ana nyundo yake na kipete cha mpira alichokata kwenye tairi, cha kuzungushia jiwe ili vipande visiruke machoni. Nimekulia kwenye mlio huo. Nilijifunza kuhesabu kwa kokoto, na hadi leo nikiona karai tupu mkono wangu unatafuta cha kujaza.

Sehemu ya mama na wenzake ilikuwa chini ya mwamba mmoja uliojitokeza ubavuni mwa kilima, mpana, wenye shingo nyembamba upande wa juu. Uliwapa kivuli kutoka asubuhi mpaka saa nane mchana. Anayelijua jua la Dodoma mwezi wa kumi hahitaji maelezo zaidi. Wanawake wa sehemu nyingine walikuwa wakipita pale wanasema, ninyi mmepewa nyumba. Nao wanajibu, tena ya ghorofa.

Na walikuwa na desturi yao. Asubuhi, kabla mtu hajakaa, mkubwa wao anachukua nyundo kubwa na kuugonga mwamba pigo moja tu. Wanaita kubisha hodi. Baada ya pigo wote wanakaa kimya, nyundo mapajani, hata aliyebanwa na kikohozi anakimeza. Mkubwa wao anasikiliza. Akisema "haya", kazi inaanza. Asiposema, wanahamisha vitu vyao mpaka siku nyingine. Yule mwanamke mzee wa Makutupora ndiye aliyekuwa akibisha. Alipofariki nyundo ikaja kwa mama, kwa sababu ndiye aliyefundishwa.

Nikiwa mdogo nilimuuliza anasikiliza nini. Akanyamaza, kama kawaida yake, kisha akasema: "Pigo ni langu. Nasikiliza la kwake."

Sikuelewa, na sikujali. Nilikuwa na haraka ya kuondoka pale.

Niliondoka kweli. Nikasoma, nikapata kazi kwenye maabara ya chuo kimoja hapa mjini, na kazi yenyewe, ukiitazama vizuri, ni ya kusikiliza mawe. Tunachukua nguzo fupi ya zege, tunaiweka kwenye mashine ya kugandamiza, tunabandika juu yake vihisi vinne, kila kimoja kikubwa kama kifuniko cha soda, kwa grisi. Zege likianza kuchoka linapasuka ndani kwa ndani, nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila ufa unapofunguka unatoa mlio. Milio mingi sikio haliwezi kuikamata. Vihisi vinaikamata, na kompyuta inaichora kama mstari mtulivu ambao ghafla unatetemeka.

Kazi yangu mimi ilikuwa ni ile ghafla. Nilitakiwa kujua mlio umeanza lini hasa. Mlio mmoja unafika kwenye vihisi vinne kwa nyakati tofauti kidogo, na kwa tofauti hizo unaweza kupiga hesabu ukajua ufa uko wapi ndani ya jiwe. Ukikosea mwanzo kwa sehemu ya milioni ya sekunde, ufa unahama kwenye karatasi yako. Ukikosea zaidi, unaupeleka mahali ambapo haupo kabisa.

Ziko njia mbili, nami nilizijua zote. Ya kwanza ni ya mkato. Unachora mpaka, unaiambia kompyuta: mtetemo ukivuka hapa, andika saa. Ni njia nyepesi, lakini mlio mwingi hauanzi kwa kishindo. Unaanza chini chini, unapanda, na ukifika kwenye mpaka wako tayari umechelewa. Njia ya pili ni ya subira. Unachukua mchoro mzima, unaukata kila mahali panapoweza kukatika, na kila mara unauliza: kushoto kwa hapa na kulia kwa hapa, ni vitu viwili tofauti kiasi gani? Pale utofauti unapokuwa mkubwa kuliko kwingine kote, ndipo kimya kilipoishia na mlio ukaanza. Niliandika tasnifu yangu yote juu ya njia hiyo ya pili. Nilisimama mbele ya maprofesa nikaitetea nikiwa nimevaa viatu vya kuazima, na nikapita.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikukosa kwa kutojua.

Mwezi wa tisa mama alinipigia simu mwenyewe. Hilo peke yake lilinishtua, maana mama haamini simu. Huwa anamtuma jirani anipigie, kisha anaongea kwa mbali kana kwamba simu itamng'ata.

"Jiwe limebadilika," alisema.

"Limebadilikaje, mama?"

Kimya. Halafu: "Linachelewa kunyamaza."

Alinieleza kwamba kwa siku nne mfululizo alikuwa hasemi haya. Siku ya kwanza wenzake walihama bila neno. Siku ya pili walihama kwa manung'uniko. Siku ya nne waligoma. Huko juani watakufa, walisema, na wengine wakaanza maneno ya chini kwamba mkubwa wao amezeeka, anasikia ya kwake. Hakuna mwingine pale aliyekuwa akiisikia hiyo sauti. Mwishoni mmoja wao akatoa wazo: wewe si una mtoto injinia wa mawe? Aje na mashine yake apime. Akisema tuhame, tutahama wote.

"Kwa hiyo njoo," mama akasema. "Njoo uwaambie."

Nilifika asubuhi na mapema, na vihisi vimefungwa kwenye kitenge ndani ya boksi. Wanawake tisa walikuwa wananisubiri wamesimama, kama ninaenda kuhutubia. Nikawaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, na wazee wakanijibu kwa Kigogo chao, mbukwa, mbukwa, wakinishika mikono kwa mikono yote miwili. Mmoja akasema nimenenepa. Mwingine akasema ni elimu hiyo, inajaza mwili. Nilicheka nao, lakini niseme ukweli, kichwa kilikuwa kimevimba. Pale nilipokuwa natumwa kuchota maji, leo nimepewa kiti.

Nikapaka grisi, nikabandika vihisi vinne kwenye shingo ya mwamba na chini yake, nikafungua kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamwambia mama aendelee, abishe hodi kama siku zote, ili nione mashine inapokea.

Akashika nyundo kubwa. Mama si mrefu, lakini akiinua nyundo ile anaongezeka. Akapiga pigo moja. Kwenye kompyuta ukatokea mtetemo mkubwa uliojaza kioo, halafu ukafuata mchakacho, vipande vidogo na mchanga vikiporomoka kutoka juu ya mwamba, kila kimoja kikichora fujo yake. Nikachukia. Kwangu ule ulikuwa uchafu. Maabara hakuna mchanga unaoporomoka.

Basi nikafanya kile ambacho fundi yeyote mvivu angefanya. Mashine zetu zina kitu kama mlango: baada ya mlio mkubwa unaweza kuiambia ifunge masikio kwa muda, isihesabu mwangwi. Maabara tunaifunga kwa muda mfupi mno, hata kope haijapepesa. Pale nikaifunga sekunde nzima baada ya kila pigo la nyundo. Nikachora na mpaka, juu kidogo, wa njia ya mkato. Kioo kikawa safi. Nilipendezwa nacho.

"Rudia, mama."

Akarudia. Kimya kikakaa. Mimi nikatazama kioo: pigo, kisha mstari mtulivu ulionyooka.

Mama aligeuka akanitazama, na usoni mwake kulikuwa na kitu karibu na ushindi.

"Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Limeguna."

"Hakuna kitu hapa, mama." Nikamgeuzia kompyuta, kana kwamba anasoma michoro. "Hili ni pigo lako. Hapa ni kimya."

Akainama akatazama muda mrefu. Akaweka kidole pale penye mstari mtulivu, kidole chenye ukucha uliopasuka tangu nimjue.

"Hapa mashine inafanya nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, nilikuwa najua kueleza: nyundo inaleta fujo, kwa hiyo mashine inaziba masikio sekunde moja ili isidanganyike, kisha inazibua.

"Inaziba masikio baada ya nyundo."

"Sekunde moja tu, mama."

Alinyamaza kile kimya chake. "Ndipo linaposema," akasema taratibu. "Hapohapo. Likimaliza, limemaliza."

Nilicheka. Nalikumbuka cheko lile kuliko ninavyokumbuka siku nyingi za maana maishani mwangu. Nikasema mbele ya wenzake wote: "Mama, unachosikia ni mchanga. Ingekuwa ufa, vihisi vinne visingekosa." Wanawake nao wakacheka, kwa raha, kama watu walioondolewa mzigo. Mmoja akampiga mama begani, akamwambia, dada, umezaa mkombozi.

Nilikaa mpaka saa sita. Waliponda, mimi nikapima. Milio michache iliyopita kwenye mlango wangu ilitokea chini kabisa kwenye kitako cha mwamba, mahali pasipo na hatari, mwamba ukipanuka kwa joto tu. Nikawaambia wakae, mwamba hauna tatizo. Wakapiga vigelegele. Wakanipikia ugali wa uwele na mlenda, nikala na kushiba.

Mama hakula. Alikaa na karai lake, akatazama juu, akanitazama mimi. Nilijua anangoja nibadilishe neno. Kisha, mchana ule, akasema neno linalosemwa asubuhi tu: "Haya."

Nikarudi kazini nikijisikia mtu.

Siku kumi na saba baadaye, saa tatu asubuhi, jirani alinipigia. Mwamba ulikuwa umeshuka. Wengine wote walikuwa wametoka kwenda barabarani kupakia lori, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Mama alibaki peke yake kwa sababu mkubwa ndiye anayelinda vifaa. Aliruka, lakini hakuruka vya kutosha. Waliuinua ule ubamba wa jiwe kwa nondo na magogo, watu zaidi ya ishirini, na mguu wake wa kulia ulikuwa chini.

Madaktari waliukata chini ya goti. Nilikuwa kwenye benchi la korido, nimeshika kiatu chake kimoja, kandambili ya bluu iliyofungwa waya, na sikujua nikiweke wapi.

Alipozinduka vizuri, siku ya tatu, nilimwomba msamaha. Sikuwa na maneno ya kupanga. Nililia tu nikasema mama nisamehe. Akaninyamazia. Safari hii nilikisikiliza kile kimya chote, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Nilibisha asubuhi ile," akasema. "Liliguna. Tena mara mbili. Si kama zamani, mara mbili." "Nikasema moyoni, masikio yamezeeka haya. Mtoto amepima. Mashine haikuona kitu. Nikasema haya, wakakaa."

Angenitukana ningepumua. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anayeungama kosa lake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda ofisini asubuhi, nikajifungia. Mlango ule wa sekunde moja ulikuwa unazuia kuhesabu tu. Mchoro wenyewe mzima wa siku ile kompyuta ilikuwa imeuhifadhi, kila kitu, na mchanga wake. Ulikuwepo muda wote kwenye begi langu. Nikatafuta pigo la pili la mama, lile aliloniuliza umeona. Nikaacha mpaka, nikaacha mlango. Nikatumia njia ya subira, ile niliyoitetea kwa viatu vya kuazima. Nikaukata mchoro kila mahali, nikauliza kila mahali.

Mchanga ulikuwepo, kweli. Lakini ndani ya mchanga, kabla ya sekunde kuisha, kulikuwa na mwanzo. Ulikuwa mdogo, unaopanda taratibu, na ulikuwepo kwenye vihisi vyote vinne, jambo ambalo mchanga haufanyi. Nikapiga hesabu ya tofauti zake. Ufa haukuwa kwenye kitako. Ulikuwa kwenye shingo, juu ya kichwa cha mama. Nikatafuta kwenye pigo la kwanza, nikaukuta. Nikatafuta kila mahali mwanamke yeyote alipogonga jiwe kubwa asubuhi ile. Baada ya kila pigo zito mwamba ulikuwa umejibu, na kila jibu lilikuwa limekaa ndani ya ile sekunde niliyoifunga kwa mkono wangu.

Nilijichukia. Sijui namna nyingine ya kuliandika hili. Nilikaa mbele ya kioo nikalitazama lile pigo la mama na kile kijimwanzo kilichokuja nyuma yake, na nikajua kwamba mama alikuwa amefanya kwa sikio tu kazi iliyonichukua miaka mitano na tasnifu, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia ni mchanga.

Nimeandika ripoti, nikaipeleka kwa wanaohusika, nikakiri kosa langu kwa jina langu. Sehemu ile imefungwa. Wanawake wamehamia upande wa pili wa kilima, chini ya turubai, kwenye ubavu ambao nimeupima kwa siku sita, masikio wazi, mchanga na yote. Hawakunifukuza. Wananipikia bado. Hilo nalo ni gumu kulibeba.

Mwezi uliopita mama aliomba tumpeleke kwa wenzake kilimani. Anatembea kwa magongo. Mguu wa bandia unamuumiza, ameuvua akauweka chini ya kitanda. Tulimkalisha kwenye kiti changu, kile walichonipa siku ile. Mwanamke anayemfuatia kwa umri akachukua nyundo kubwa, akamtazama mama kuomba ruhusa, akapiga pigo moja.

Kimya kikashuka. Nyundo mapajani. Kompyuta ilikuwa magotini mwangu, mstari unatembea. Nikaona pigo, nikaona mchanga, na baada ya hapo sikuona kitu, jiwe zima lenye afya. Lakini sikusema. Nilikuwa namngoja mama. Sote tulikuwa tunamngoja.

Aligeuza kichwa kuelekea kwangu.

"Mashine inasemaje?"

"Mama," nikasema, "wewe umesikia nini?"

Alinyamaza. Nilitumaini ni kile kimya cha zamani, kinachomalizika na jibu. Upepo ulipeperusha turubai, likatulia.

"Sisikilizi tena," akasema. "Sema wewe."

Wanawake tisa walinigeukia, wamekaa, miguu imenyooshwa, kila mmoja na jiwe lake ndani ya kipete cha mpira. Neno lilikuwa moja tu, fupi, nilikuwa nalisikia tangu nikiwa mgongoni. Nilifungua mdomo, na sikuweza kulisema.